Pwani Iliyofungwa kwa Amri

Katika lugha za Wayolngu, wenyeji wa kaskazini-mashariki mwa Arnhem Land huko Australia, bendera ni bandirra na fedha ni rrupiya. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa maana. Neno la kwanza ni la Wareno, walioliacha katika bandari zetu kama walivyoliacha katika bandari za visiwa vya Indonesia. La pili lilitoka Bara Hindi likafuata biashara kila ilikokwenda, na wazee wetu wa Afrika Mashariki walitozwa kodi kwa rupia mpaka baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Maneno hayo yaliwafikiaje watu ambao vitabu vya shule, kwa muda mrefu, vilidai kuwa waliishi peke yao duniani hadi merikebu za Waingereza zilipotia nanga Sydney mwaka 1788? Yalikuja na majahazi, msimu baada ya msimu, na wenye pwani waliyajua majahazi hayo, wakayajua matanga yake na manahodha wake kwa majina. Hoja yangu ni kwamba upweke wa pwani ile haukuwa kazi ya maumbile. Ulitengenezwa na serikali, kwa amri, mwaka 1906. Kisha wenyeji wakahukumiwa kana kwamba wameishi hivyo tangu mwanzo wa dunia.

Arnhem Land ni nchi ya takriban kilomita za mraba 97,000, na jina hilo ni la jahazi la Kiholanzi lililopita pale mwaka 1623. Ni pwani ya mikoko na mito mipana yenye mamba, ya ghuba zenye matope na majani ya bahari wanakolisha kasa na nguva. Mwaka wake umegawanywa na pepo mbili, kama wetu: upepo wa kaskazini-magharibi unaoleta mvua kuanzia Desemba, na ule wa kusini-mashariki unaokausha nchi kuanzia Aprili. Watu wamekaa kaskazini mwa Australia kwa zaidi ya miaka 50,000. Kwa Wayolngu, ambao jina lao lina maana ya mtu tu, kila kitu kilichopo ni cha upande mmoja kati ya pande mbili, Dhuwa au Yirritja: kila ukoo, kila ndoa, mnyama, upepo na wimbo. Na maji pia. Hapo ndipo msomaji anapaswa kutulia kidogo, kwa sababu sheria za Ulaya zilizoea kuhesabu pwani kuwa mpaka wa milki, mahali shamba la mtu linapokomea na bahari ya wote inapoanzia. Kwa Wayolngu hakuna mkato huo. Ukoo una bahari yake kama ulivyo na ardhi yake, yenye majina ya miamba iliyozama na mikondo, na nyimbo zinazofuata njia ya maji kutoka mtoni hadi kilindini. Mgeni aliyetia nanga huko hakuwa amebaki nje ya mlango. Alikuwa amekwisha kuingia ndani ya nyumba ya watu.

Wageni wenyewe walitoka Makassar, kusini mwa kisiwa cha Sulawesi, mwendo wa takriban kilomita 1,500. Walikuwa mchanganyiko wa Wamakassar, Wabugi na watu wa visiwa vya jirani, na kiongozi wa chombo waliita nakhoda, neno lilelile tunalolitumia sisi. Waliondoka mwezi Desemba kwa upepo wa magharibi na kurudi upepo ulipogeuka, baada ya miezi mitatu au minne. Pwani hiyo waliiita Marege'. Walichokifuata ni jongoo bahari, mnyama laini wa mchangani ambaye wavuvi wengi wa kwetu hawamtii mdomoni, lakini ambaye Wachina wamemla kwa karne nyingi kama chakula cha heshima na dawa ya kuongeza nguvu. Mtu wa Mafia au Kilwa aliyewahi kumkausha jongoo kwa ajili ya mnunuzi ataitambua kazi ya Marege' mara moja. Waliwaokota maji yakipwa au kuwapigia mbizi, wakawachemsha katika masufuria makubwa ya chuma yaliyopangwa mstari juu ya mafiga ya mawe, wakawapasua na kuwatoa matumbo, wakawazika mchangani ili ngozi ya chokaa ilegee, wakawachemsha tena pamoja na magome ya mikoko yaliyowapa rangi nyekundu, kisha wakawaanika na kuwafukiza moshi katika mabanda ya mianzi waliyokuja nayo. Mistari ya mawe ya mafiga hayo bado inaonekana ufukweni, pamoja na vigae vya vyungu, na mikwaju iliyoota kutokana na kokwa za ukwaju walizotupa. Mwanahistoria Campbell Macknight, aliyechimba kambi hizo na kuandika kitabu chake mwaka 1976, aliifafanua kazi hiyo kuwa kiwanda, na sioni neno linaloifaa zaidi. Mwaka 1803 nahodha wa Kiingereza Matthew Flinders, akiizunguka Australia, alikuta majahazi sita karibu na ncha ya kaskazini-mashariki ya Arnhem Land. Mkubwa wao, aliyeitwa Pobassoo, alimweleza kwamba mwaka ule vyombo 60 vyenye watu 1,000 vilikuwa kwenye pwani hiyo.

Watu elfu moja hawawezi kuchemsha, kukata kuni na kuteka maji kwa miezi minne bila ridhaa ya wenye kuni na maji. Wenyeji waliwafanyia kazi na kuwauzia magamba ya ng'amba na lulu. Walipokea mchele, vitambaa, tumbaku, pombe, mashoka, visu na vyuma. Hata neno la Kiyolngu la kazi, djama, ni la Kimakassar. Walichukua mtumbwi wa gogo wenye tanga, wakauita lipalipa, na kwa mtumbwi huo na chusa zenye ncha za chuma waliweza kuwafuata nguva na kasa mbali zaidi kuliko mitumbwi ya magome ilivyowafikisha. Baadhi yao walipanda majahazi wakaishi Makassar, wengine wakarudi na habari za mji wenye ngome ya Waholanzi. Mzungu, mpaka leo, ni balanda, yaani Mholanzi. Jambo linalonigusa zaidi ni la lugha. Kando ya pwani hiyo kuna lugha nyingi zisizosikilizana, Kiiwaidja upande wa magharibi, Kimaung visiwani, Kiyolngu mashariki, na kwa vizazi kadhaa watu wa mataifa hayo walizungumza wao kwa wao kwa lugha ya biashara iliyotokana na Kimakassar na Kimalayu. Sisi tunaosoma ukurasa huu kwa Kiswahili tunajua lugha kama hiyo inavyozaliwa na inahitaji nini ili iishi. Haiwezi kuzaliwa kwa ziara moja ya bahati nasibu. Na ibada nazo zilipokea: katika sherehe za mazishi za baadhi ya koo za Yirritja huimbwa milingoti na matanga, na huitwa jina la Walitha'walitha, ambalo watafiti wanalihusisha na jina la Allah lililosikika katika sala za mabaharia Waislamu.

Pingamizi la kwanza ni la muda. Macknight mwenyewe aliiweka biashara hii katika karne ya 18, na Pobassoo alimwambia Flinders kwamba yeye alikuwa miongoni mwa waliotangulia, miaka 20 tu kabla. Miaka 150 au 200 ni nini mbele ya miaka 50,000? Lakini ushahidi unazidi kurudi nyuma. Katika mwamba wa Djulirri, magharibi mwa Arnhem Land, kuna mchoro wa jahazi la aina ya Makassar, na juu yake umbo lililotengenezwa kwa nta ya nyuki. Nta huweza kupimwa umri wake, na watafiti waliotangaza matokeo mwaka 2010 walikuta ni ya kabla ya mwaka 1664. Jahazi lililo chini yake, basi, ni la zamani zaidi. Hilo halithibitishi kwamba kiwanda cha jongoo kilikuwapo tayari. Huenda vilikuwa vyombo vichache vya kutafuta magamba ya ng'amba. Masimulizi ya Wayolngu nayo huwataja Wabayini, wageni waliokuja kabla ya Wamakassar. Hata hivyo, hoja yangu haitegemei kuongeza karne. Hata tukichukua hesabu fupi kuliko zote, Wayolngu walikuwa wakifanya biashara na Asia kabla Uingereza haijasimika bendera yake Arnhem Land, na walikuwa bado wakiifanya miaka themanini baadaye.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la damu. Wapo wanaosema kwamba hadithi ya Marege' imepakwa sukari ili kuwaaibisha Waingereza; kwamba mabaharia wa Makassar nao waliteka wanawake, walilewesha watu, waliua na kuuawa. Ni kweli, na anayeifanya biashara hiyo kuwa urafiki mtupu anawanyima Wayolngu nusu ya historia yao. Ndui nayo, kwa maoni ya baadhi ya wanahistoria, iliingia Australia kwa majahazi hayo. Pobassoo alikuwa amewahi kuchomwa mkuki gotini, na aliwaonya Waingereza wajihadhari na wenyeji. Lakini tuutazame mkuki huo vizuri. Wageni wa Makassar walikuwa na bunduki, na wakati mwingine hata mizinga midogo, walikuja kwa mamia, na bado walirudi kila mwaka kwenye kambi zilezile bila kujenga ngome au kuacha walinzi wakati wa kusi. Hawakudai ardhi. Mahali walipoheshimu masharti walifanya kazi. Mahali walipoyavunja walipigwa. Mtu anaweza kusema kwamba mchele na vitambaa vilikuwa ujira wa vibarua, si kodi ya bahari. Ningekubali, lau kama mapigano yangekuwa ya ovyo. Mbona basi nyimbo za koo zinaeleza hasa nani alitia nanga wapi na mwenyeji wake alikuwa nani? Vurugu katika pwani ile zilikuwa na mipaka inayojulikana, na mwenye kuweka mipaka ndiye mwenye mahali.

Lipo la tatu ambalo nitalipita upesi: kwamba Wayolngu walionyeshwa mchele, vyungu na mashamba, wasijifunze. Walichagua. Waliula mchele bila kuulima, kwa sababu nchi yao iliwalisha na kilimo kingewafunga mahali pamoja. Walichukua chuma na tanga kwa sababu viliongeza uwezo wa kazi waliyokuwa nayo. Sisi wa pwani ya Afrika tulipokea muhogo na mahindi kutoka bara la Amerika na kuachilia mbali mengine mengi, na hakuna anayetuita wajinga kwa kuchagua.

Msomaji wa Kilwa atakuwa anangoja habari ya sarafu, nami sitaki kuikwepa. Mwaka 1944 mwanajeshi wa rada wa Australia, akiwa zamu katika kisiwa cha Marchinbar, kwenye visiwa vya Wessel vinavyotokeza kutoka Arnhem Land, aliokota mchangani sarafu tisa. Nne zilikuwa za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki. Tano zilikuwa za shaba, za masultani wa Kilwa, na ziliwekwa kando mpaka zilipotambuliwa mwaka 1979. Moyo wa Mswahili hupiga haraka akisikia hayo, na tayari wapo walioandika kwamba mababu zetu waligundua Australia. Sikubaliani nao. Sarafu hizo ziliokotwa juu ya mchanga, si katika tabaka la udongo lililochimbwa kwa utaratibu, na hakuna kitu kingine cha Kiswahili kilichopatikana pamoja nazo. Zinaweza kuwa zimepita mikononi mwa Wareno walioiteka Kilwa mwaka 1505 na Malaka mwaka 1511, au mwa Waholanzi, au zilikuwa katika kibindo cha baharia wa Makassar. Kilwa haihitaji ushindi wa kubuni, na Wayolngu hawahitaji kugunduliwa na mtu mwingine tena. Zinachothibitisha sarafu hizo, hata kwa tafsiri ya tahadhari kuliko zote, ni kwamba mchanga wa Marchinbar na mchanga wa Kilwa Kisiwani ni kingo za bahari moja ya biashara.

Waingereza wenyewe walilijua hilo vizuri. Kati ya mwaka 1824 na 1849 walijenga vituo vitatu kaskazini: Fort Dundas katika kisiwa cha Melville, Fort Wellington katika ghuba ya Raffles na Port Essington, kwa matumaini ya kupata Singapore ya pili, na majahazi ya Makassar yalikuwa sehemu ya hesabu yao. Vituo vyote vilishindwa wakaviacha. Mwaka 1863 koloni la Australia ya Kusini lilikabidhiwa eneo lote la kaskazini (Northern Territory), na kufikia miaka ya 1880 maofisa wake wa forodha walikuwa wakiyafuata majahazi kudai ushuru na leseni. Hatimaye, mwaka 1906, serikali ile iliamua kutotoa tena leseni kwa vyombo vya kutoka nje. Ilitaka jongoo waachwe kwa wafanyabiashara wake, na hiyo ilikuwa miaka ya sera ya kuifanya Australia kuwa nchi ya weupe, sheria ya kuzuia wahamiaji ikiwa imepitishwa mwaka 1901. Nahodha wa mwisho, Using Daeng Rangka, aliondoka na msimu wa 1907. Wayolngu hawakuulizwa. Hakuna aliyekwenda kuwaeleza kwa nini wageni wao hawaji tena. Waliliona hilo kwa kutazama bahari, upepo wa magharibi ulipovuma na matanga yasitokeze.

Ndani ya kizazi kimoja upweke huo mpya ulionekana kuwa wa kale. Nyanda za ndani tayari zilikuwa zimevamiwa na makampuni ya ng'ombe ambayo watu wake waliwapiga wenyeji risasi. Mwaka 1931 nchi ilitangazwa kuwa hifadhi ya wenyeji, nazo misheni zikafungua vituo pwani. Mwaka 1932 wavuvi watano wa Kijapani, wakitafuta jongoo haohao katika ghuba ya Caledon, waliuawa, kwa maelezo ya Wayolngu wenyewe kutokana na ubaya waliowatendea wenyeji. Mwaka uliofuata aliuawa polisi Albert McColl, aliyekuja kukamata watu. Huko Darwin kulizungumzwa kikosi cha kulipiza kisasi. Wamisionari wakaomba nafasi, wakawashawishi watuhumiwa waende mahakamani kwa hiari. Dhakiyarr Wirrpanda alihukumiwa kunyongwa mwaka 1934. Mahakama Kuu ya Australia ilifuta hukumu hiyo kwa sababu kesi haikuendeshwa kwa haki, akaachiliwa, na hakufika nyumbani; hakuonekana tena. Magazeti ya wakati ule yaliandika juu ya watu wa porini wasiojua wageni. Waliojua walikuwa wamekaa miaka 25 tu bila wageni wao.

Gharama kubwa ya picha hiyo ilikuja baadaye. Mwaka 1963 serikali ilimega zaidi ya kilomita za mraba 300 za hifadhi katika rasi ya Gove kwa ajili ya uchimbaji wa boksiti, bila kuwauliza Wayolngu wa Yirrkala. Wao walipeleka Bungeni ombi lililochapwa kwa lugha yao na kwa Kiingereza, likabandikwa juu ya magome ya mti yaliyochorwa nembo za koo za Dhuwa na Yirritja, yaani hati zao za milki kwa namna wanavyoziandika wao. Ombi hilo halikuuzuia uchimbaji, wakaenda mahakamani. Mwaka 1971 Jaji Blackburn alikubali kwamba Wayolngu wana mfumo wa sheria uliopangika, kisha akaamua kwamba uhusiano wao na ardhi si milki, kwa kuwa milki hudai haki ya kutumia, ya kumzuia mwingine na ya kuhamisha. Kile kipengele cha kumzuia mwingine ndicho kinachonisumbua. Pwani nzima ilikuwa imejaa ushahidi wa watu waliopokea wageni kwa masharti na kuwafukuza kwa mikuki masharti yalipovunjwa, lakini wageni hao walikuwa wameondolewa kwa amri miaka 65 kabla, na pamoja nao ikaondoka fursa ya kuiona haki hiyo ikifanya kazi. Sisemi kwamba mabaharia wa Makassar wangebadilisha hukumu. Nasema kwamba mahakama iliwatazama wenyeji baada ya serikali kuwafungia mlango, ikaona watu wasio na mlango.

Bunge lilirekebisha sehemu ya jambo hilo kwa Sheria ya Haki za Ardhi ya mwaka 1976, na Arnhem Land ikawa mali ya wenyeji wake, angalau nchi kavu. Bahari ilibaki. Miaka ya 1990 kichwa cha mamba kilichokatwa kilikutwa katika kambi haramu ya wavuvi kwenye mahali patakatifu pa ghuba ya Blue Mud, na mamba kwa ukoo wenye mahali pale ni mzazi. Wayolngu walijibu kama walivyojibu mwaka 1963: walichora magome 80 yanayoeleza maji yao, kisha wakafungua kesi. Tarehe 30 Julai 2008 Mahakama Kuu iliamua kwamba ukanda kati ya maji kupwa na maji kujaa, unaopakana na ardhi yao, hauingiliki bila idhini yao hata kwa mvuvi mwenye leseni, na uamuzi huo uligusa takriban asilimia 80 ya pwani ya Northern Territory. Kuhusu boksiti, mwezi Machi 2025 Mahakama hiyohiyo, katika kesi iliyoanzishwa na mzee Galarrwuy Yunupingu, aliyefariki mwaka 2023, iliikatalia serikali hoja yake kwamba haiwezi kudaiwa fidia.

Ukanda huo wa maji kupwa na kujaa ndio hasa waliokuwa wakitembea waokotaji wa jongoo, vikapu mkononi. Kuvuka mstari wa kupwa, kuelekea kilindini, sheria ya Australia bado haiwapi wenyeji haki ya kumkataza mtu. Ndivyo Mahakama ilivyoamua mwaka 2001 katika kesi ya watu wa kisiwa cha Croker. Nyimbo za koo hazikomei kwenye mstari huo, na kuusogeza ndiyo kazi iliyobaki. Wakati huohuo, katika kisiwa cha South Goulburn, kambi kongwe ya Wamakassar, wenyeji wa Warruwi wamekuwa wakipandikiza vifaranga vya jongoo bahari katika maji yao wenyewe, kwa soko lilelile la Asia, na anayetaka kuvuna pale sharti aanze kwao.